Miezi Tisa Bila Kusasisha

Asubuhi hiyo nilitoka Landless, mtaa wa Thika, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na begi moja mgongoni, na ndani yake nguo chache, waya wa kuchaji, na kompyuta yangu iliyokuwa imegoma kufunguka. Rafiki yangu mchomeleaji, aliyekuwa amenipa nafasi sakafuni kwake wiki ile, alinitazama nikifunga viatu.

"Sasa unaenda wapi?"

"Mahali stima haipotei."

"Hiyo iko Kenya gani?" akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kompyuta yenyewe kwa kuitazama si kitu. Kona moja imepasuka, herufi kadhaa zimefutika kwa vidole, na betri ilikufa zamani, kwa hivyo haiishi bila waya ukutani. Ukichomoa, inazima papo hapo, bila kuaga. Ni ya tatu kwangu. Lakini kilichomo ndani yake ni kile kile tangu mwanzo, na hicho ndicho nilichokuwa nikiogopa kukipoteza asubuhi ile.

Nilikiweka kwa mkono wangu nikiwa Ruiru, miaka ambayo kazi yangu ilikuwa kufungua saiba moja, duka la intaneti, asubuhi, kufagia, na kuwaonyesha wazee mahali pa kubonyeza. Mwenye saiba alikuwa na mashine moja imetupwa pembeni, akaniambia nikiweza kuifufua ni yangu. Nikasikia kuna mfumo uitwao Linux, wa bure, na kwamba kuna aina yake moja ambayo watu huiogopa, kwa sababu hakuna anayekuwekea; unaijenga mwenyewe kipande kwa kipande ukisoma maelezo. Kusikia kwamba watu wanaiogopa ndiko kulikonivuta. Nilikosea mara nyingi, nikaanza upya mara nyingi, na jioni moja mashine ikaamka ikasubiri nitakachoiambia. Nilizunguka kitalu kizima nikitafuta mtu wa kumwonyesha, nikampata muuza mayai ya kuchemsha. Alitazama kile kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe akasema, "Poa. Na picha ziko wapi?"

Mifumo mingi huenda kwa matoleo, kama shule inavyokwenda kwa madarasa. Unakaa darasa moja miaka miwili mitatu, kisha siku moja unahamishwa, na kila kitu kinabadilika pamoja. Huu wangu hauna madarasa. Kila siku, mahali fulani duniani, mtu anarekebisha kipande kimoja, na kipande hicho kinatumwa kama kilivyo. Hakuna anayeweza kukuuliza uko darasa la ngapi. Mimi niliacha shule kidato cha pili na sijawahi kuacha kusoma, na nilipoelewa namna mfumo huu unavyoishi niliupenda kama mtu anavyompenda ndugu aliyekutana naye ukubwani.

Mashine ya kwanza ilipoungua nilichomoa diski nikaitia kwenye ya pili, na asubuhi ikaamka na kila kitu mahali pake. Ya pili ilipoibiwa, diski ilikuwa nje kwa bahati, ikaingia kwenye hii. Nimeacha kazi nyingi, nimeacha vyumba vingi, kuna watu wazuri nimewaacha wakinipigia simu hadi wakachoka. Hiki kitu kimoja sijawahi kukianza upya tangu jioni ile ya Ruiru. Wengine wana shamba la babu. Mimi nina hicho.

Wanaokitumia kama inavyotakiwa hukisasisha kila siku, au kila wiki wakiwa wavivu. Asubuhi wanaandika agizo moja, vipande vichache vinashuka, basi. Mimi sikuwahi kuishi hivyo. Nikiwa Mwea kwenye mpunga hakuna mtu aliyekuwa na intaneti ya kupoteza, na nikiwa kule Kitui nilikaa miezi na mashine imefungwa ndani ya shuka, kwa sababu kazi ilikuwa ya jembe. Kwa hivyo mimi husasisha kwa nadra, na niseme ukweli, napenda. Mtu anayeishi Ruiru haoni Ruiru ikikua. Anaona jirani ameongeza ghorofa, kesho kutwa duka limebadilisha rangi. Mimi nikirudi baada ya mwaka nashuka stendi nikiwa kama mgeni: palipokuwa na kahawa pana nyumba za ghorofa saba na nguo zimeanikwa hadi juu, njia niliyoijua imeingia ndani ya ukuta wa mtu. Nasimama pale nikicheka peke yangu. Ndivyo ilivyo na mashine pia. Unaiacha, unarudi, na siku hiyo moja inabadilika yote mbele ya macho yako, na unakaa wiki nzima ukigundua hiki kimehama, kile kimepata jina jipya.

Tatizo ni kwamba kuna adabu ya kurudi, na mara hii niliivunja.

Nilikuwa nimerudi Thika baada ya miezi tisa. Nafanya kazi ndogo ya kuandika yale watu wanayosema kwenye rekodi, nalipwa kwa mtandao, na tovuti ya kazi ikaniambia kivinjari changu ni cha zamani mno. Nikasema sawa, tusasishe. Mashine ikakataa. Kila kipande kinachotumwa kina muhuri wa mtu aliyekitengeneza, na mashine hukubali tu mihuri ya watu inaowajua. Katika miezi tisa wengine walikuwa wameondoka, wapya wameingia, na yangu ilikuwa imesimama langoni kama askari wa zamu ya zamani, haimjui mtu. Hilo nilikuwa nalijua. Unaanza kwa kuleta orodha mpya ya mihuri, ndipo unaleta vitu. Nikaileta. Mlango ukafunguka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu aliyekulia kwetu. Sisi tumezoea vitu vya kupima. Mafuta ya kupikia unapimiwa kwenye kikombe, sukari kwenye karatasi, na intaneti unanunua ya saa moja, ukimaliza unakaa. Hakuna aliyekufundisha hivyo, ni maisha. Nilitazama ukubwa wa sasisho zima, nikatazama bando langu, na mkono ukafanya ulichozoea. Niliagiza kivinjari peke yake. Kwa nini ninunue debe wakati nataka kikombe?

Mfumo huu hauuzwi kwa kikombe. Kivinjari kipya kilikuja na maktaba mpya, vile vipande ambavyo programu nyingi huvichangia, ambazo kinazitegemea, na maktaba mpya zikakaa mahali pa zile za zamani, na programu nyingine zote, ambazo sikuzigusa, zilikuwa zikiegemea zile za zamani. Nilipowasha tena, hakukuwa na dirisha, hakukuwa na picha. Kioo cheusi, maandishi meupe, kama siku ile ya Ruiru.

Dawa niliijua. Ni kuleta yote, debe zima, ili kila kitu kiwe cha umri mmoja. Lakini debe hilo lilitaka intaneti ya saa nyingi, na zaidi ya intaneti lilitaka stima. Vipande vikishaanza kubadilishwa, mashine isiyo na betri ikizimika katikati, hasa wakati kinabadilishwa kile kiini kinachoiamsha, haiamki tena. Na kwa mchomeleaji, nyumba tano zilikuwa kwenye mita moja. Mtu mmoja akitumbukiza koili kwenye ndoo ya maji ya kuoga, wote tunazimika. Ilikuwa ikitokea asubuhi na jioni, na watu walikuwa wamezoea hata kupiga kelele wameacha.

Basi nikatoka.

Barabarani nilipata lori tupu linaloenda kuchukua mawe ya kujengea upande wa Ndarugo. Dereva tulikuwa tumefahamiana nilipokuwa napakia mawe msimu mmoja. Akanibeba hadi karibu na Juja bila kuniuliza maswali. Njia nzima nilisoma kwenye simu matangazo ya miezi tisa ya wanaotunza mfumo, kama mtu anayesoma magazeti ya zamani, nikitafuta yale yanayosema: kabla ya kusasisha, fanya hivi kwa mkono. Yalikuwa mawili. Nikayasoma hadi nikayakariri.

Juja imejaa wanafunzi, na mahali penye wanafunzi pana intaneti. Niliingia kibanda kimoja cha kutengeneza kompyuta. Kijana wa pale alikuwa mpole, akachomeka mashine yangu, akatazama yale maandishi, akapiga mluzi.

"Buda, hii umeikalia sana."

"Miezi tisa."

"Hii ni ya kuformat tu. Files zako nakutolea, naweka fresh. Nusu saa umeenda."

"Sitaki fresh. Nataka niupdate hii hii."

"Lakini itakuwa ile ile, tena mpya."

"Ikiwa mpya si ile ile."

Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Sikia huyu mzae. Amependa bug." Kisha akasema kwa wema kabisa kwamba angeniacha niketi pale niijaribu mwenyewe, bila malipo, ila stima yao ilikuwa imeanza kuwa na vituko tangu wiki iliyopita. Hata hakumaliza sentensi. Taa zikazima, mtaa mzima ukasema "aaah" kwa pamoja, na kompyuta yangu ikafa juu ya meza yake.

"Unaona?" akasema.

Ilikuwa haijaanza kubadilisha kitu, kwa hivyo hapakuwa na hasara. Niliitia begini, nikaanza kutembea. Sikuchagua njia. Nilifuata barabara ya vumbi kuelekea Murera kwa sababu ilikuwa na kivuli upande mmoja.

Huko ni ploti na mashamba yaliyochanganyikana. Nguzo nyeupe za mipaka katikati ya mahindi, nyumba mpya ya mawe karibu na zizi la mabati. Stima ilikuwa imepotea huko pia. Ilijulikana kwa kimya: kinu cha unga kimesimama, kinyozi amekaa nje ya duka lake na mteja aliyenyolewa nusu, wote wawili wanatazama barabara. Nilipita nikawasalimia. Mbele kidogo, nyuma ya ua wa miti ya kayaba, nikasikia kitu kinavuma, sauti ndogo ya feni, na dirishani nikaona taa nyekundu inawaka mchana. Langoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa brashi: VIFARANGA.

Nikasimama. Mama mmoja wa umri wa mama yangu, kilemba kichwani na gambuti miguuni, alikuwa anamwagia sukuma wiki maji. Akaniona.

"Unataka vifaranga? Mpaka wiki ijayo."

"Hapana, mathe. Samahani. Hii stima yako inatoka wapi?"

Akaweka ndoo chini. "Kwani wewe ni wa stima?"

"Hapana."

"Wa county?"

"Hapana, mathe."

"Na mbona unauliza stima ya mtu kama unaulizia msichana wake?"

Nikamweleza kwamba nina mashine inayotaka umeme bila kukatika, saa mbili au tatu, na intaneti, na kwamba nimetoka Thika nikitafuta.

"Mashine gani? Usiniletee welding hapa. Kuku zangu zikufe na mshtuko."

Nikaitoa begini, nikaiinua juu ya lango.

"Haiya! Si hiyo ni computer tu."

"Ni computer, lakini imelala. Sijaishughulikia vizuri miezi tisa."

"Ngai. Mtu akiacha kitu miezi tisa, akirudi anapata mtoto." Alicheka utani wake mwenyewe hadi akashika kiuno, kisha akafungua lango.

Stima yake ilitoka juu ya paa, kwenye sola, ikaingia kwenye betri kubwa mbili zilizowekwa ukumbini kama wageni wa heshima, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Binti yake aliye ng'ambo ndiye aliyenunua hizo, na ndiye aliyelipia intaneti ya ukutani, ili waonane kwa simu jioni. Lakini sababu yenyewe ilikuwa chumba cha pili, kwenye kiangulio cha mayai, sanduku refu lenye kidirisha cha kioo. Karibu nacho palikuwa na kizimba cha vifaranga vya wiki iliyotangulia, chini ya balbu ile kubwa nyekundu niliyoiona kutoka barabarani.

"Hiyo usiguse," akasema, akionyesha kiangulio. "Iko siku za mwisho. Siku za mwisho haifunguliwi, hata nani aje. Ukifungua, hewa inatoka, kifaranga kinashikana na ganda. Na ikipata baridi ndiyo basi kabisa. Chomeka yako hapo ukutani."

Nikachomeka. Nikafanya yale mawili ya mkono, nikaandika agizo, na mashine ikaanza kuhesabu inachotaka. Vipande zaidi ya elfu moja. Ikauliza kama niendelee. Nikajibu ndiyo, na vikaanza kushuka.

Kushuka kulichukua muda mrefu. Aliniletea chai na viazi vitamu, ngwaci kama alivyoviita, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kutazama maandishi yakipanda.

"Na hawa watu wa Juja walikuambia nini?"

"Niformat. Nifute yote, nianze upya."

"Ni kazi mingi kuanza upya?"

"Hapana. Ni rahisi kuliko hii."

"Sasa?"

Nikatafuta maneno. Nikamwambia kuhusu Ruiru, na ile jioni, na diski niliyoihamisha mara mbili. Nilitarajia acheke. Alimenya kiazi chake pole pole.

"Hizi kuku ni za mama yangu," akasema.

"Mama yuko?"

"Alikufa kitambo. Lakini kuku ni zake. Nilipoolewa nilikuja na jogoo moja na matetea mawili, na sijawahi nunua ingine. Naweka mayai, natoa, naweka. Kuna kijana hupita hapa na pikipiki anauza zile za kisasa. Kila mwezi: mathe, uza hizi zote, anza na mpya, zinataga mara mbili. Namwambia, nikianza na mpya, hizi zimeenda wapi?" Akatupa ganda nje. "Wewe kula. Unaangalia hiyo kitu ni kama ni TV."

Vipande vilipokwisha kushuka, kubadilisha kukaanza. Nikamweleza kwamba kuanzia hapo hakuna kusimama. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua kabisa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ruiru tangu adhuhuri, na sasa yakafunika. Mvua ikapiga mabati kwa kishindo. Nilikuwa kwenye kipande cha mia tano na kitu wakati kile kisanduku cha betri ukumbini kilipoanza kulia, mlio mmoja mfupi, kisha mwingine.

Tulikwenda wote wawili kutazama. Kati ya taa nne za kuonyesha nguvu iliyobaki, ilikuwa inawaka moja, tena nyekundu, ikipepesa. Jua halikuwepo, stima ya nguzo haikuwepo.

"Kwa kawaida hii hufika usiku," akasema. "Leo tumeongeza mdomo."

Mdomo huo ulikuwa wangu. Nikarudi chumbani, nikainama ukutani, nikashika waya wangu. Kwenye kioo vipande vilikuwa vinapita, na kiini kilikuwa bado mbele, hakijafikiwa. Lakini mashine ilikuwa nusu ya zamani nusu mpya, na mashine ya namna hiyo haiamki. Nilijua ninachokichomoa.

"Unafanya nini?"

"Mayai ni ya kwako, mathe. Mimi nimekuja leo."

"Nani amekuambia uchague? Toa mkono." Aliusukuma mkono wangu kwa ncha ya gambuti. "Kwanza tuone nani anakula na hafanyi kazi."

Akazunguka nyumba nami nyuma yake. Friji, chomoa. Televisheni, chomoa. Simu yake iliyokuwa inachaji, chomoa. "Hii ya intaneti bado unaitaka?" Sikuitaka, kila kitu kilikuwa kimeshashuka, chomoa. Kile kisanduku kikaendelea kulia. Akasimama mbele ya kizimba cha vifaranga, akaitazama ile balbu nyekundu.

"Huyu," akasema, "ndiye anakula kuliko wote."

"Lakini vifaranga vitapata baridi."

"Kwani mama yangu alikuwa na balbu? Kuna jiko hapo nyuma, na makaa chini ya karai. Washa. Na ulete ile nyungu iko na mdomo imevunjika, usilete ile nzuri."

Nikawasha jiko barazani huku mvua ikinirushia matone, nikipepea kwa kifuniko cha sufuria hadi makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha. Alikuwa mkali juu ya moshi; alinirudisha mara mbili. Kisha tukaliweka katikati ya kizimba, tukaligeuzia ile nyungu juu ili joto litoke taratibu na kifaranga kisiungue, akaacha dirisha wazi kidogo la kupitisha hewa. Ndipo akazima balbu. Vifaranga vililia vyote kwa pamoja, vikatawanyika, na baada ya muda kimoja kikaligundua joto la nyungu, kikalala ubavu. Vingine vikafuata vikipandana.

Mlio wa betri ukakoma. Taa ya pili haikurudi, lakini ile moja ikaacha kupepesa.

Tukaketi katika chumba chenye kiza cha mvua, mwanga pekee ukiwa wa kidirisha cha kiangulio na wa maandishi yangu. Vipande vilipita mia saba, mia tisa. Mara kwa mara kimoja kilikaa muda mrefu na mama akauliza, "Imekwama?" nikasema bado, na yeye akasema, "Aya," kana kwamba ndiye aliyeiruhusu. Kiini kilifika mwishoni kabisa. Mashine ilikaa nacho, ikakaa, nikajikuta nimesimama. Kisha mstari mtupu ukatokea, ule mweupe unaosubiri.

"Imeisha?"

"Imeisha kubadilisha. Sasa lazima izime na iamke."

"Na isipoamka?"

"Basi nitarudi Juja."

"Zima," akasema.

Nikazima. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, na mama akaniwekea mkono begani, mzito, unaonuka moshi na chakula cha kuku. Mistari ikakimbia. Kioo kikafumba tena. Kisha ikatokea picha ya maporomoko ya Chania niliyoipiga siku ya kwanza nilipofika Thika, na juu yake jina nililolichagua Ruiru, na faili zangu zote mahali pake. Maandishi yalikuwa yamebadilika umbo kidogo, vitufe vimehamia upande mwingine. Kama kawaida ya kurudi.

"Hiyo ni maji ya wapi?" akauliza.

"Thika, hapo tu."

"Umekaa karibu na maji kama hayo ukaenda kulala sakafuni Landless." Akasimama akijinyoosha. "Mvua hii haiishi leo. Kuna nyumba ya nyuma, ukuta ni mmoja na hiki chumba, mwanafunzi alikuwa anakaa, akamaliza masomo akaenda. Kitanda kiko, ni kuondoa magunia. Kodi tutaongea kesho ukishalala, usinianzie sasa. Lakini nikikupa, si ya usiku mmoja. Nataka mtu anaweza kuwasha jiko bila moshi."

Mimi huwa na jibu la maneno kama hayo. Husema nitaona, husema kuna mtu ananingoja mahali. Mara hii nililiegemeza begi langu ukutani.

"Na hiyo kitu," akaendelea, "inatakiwa lini tena?"

"Inavyotakiwa, kila wiki."

"Jumamosi mimi huosha vyombo vya kuku. Utaifanya Jumamosi."

Tulihamisha magunia ya chakula cha kuku mvua ilipopungua. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama mahindi, na meza fupi ya mwanafunzi yenye alama za vikombe. Jua la jioni lilitoka kidogo kama kwa kujisahau, na muda si mrefu kinu cha unga kikaanza kunguruma kule mbele, kumaanisha stima imerudi na yule mteja wa kinyozi ataenda nyumbani na kichwa kizima. Mama akachomeka tena intaneti. Niliiweka kompyuta mezani, nikachomeka, na kwa mazoea tu nikaandika agizo la kusasisha ili nione itanijibu nini.

Alikuwa anapita dirishani na bakuli la mahindi yaliyovunjwa.

"Si umesema ilimaliza?"

Nikatazama. Tangu mchana vilikuwa vimetoka vipande viwili vipya, vidogo, vya mtu fulani huko duniani aliyekuwa amefanya kazi yake ya siku.

"Haimalizi, mathe."

"Basi hiyo ni kuku," akasema, akaenda zake.

Kutoka chumba cha kiangulio, kupitia ukuta wa mbao, kulikuwa na sauti nyembamba sana, ya kitu kinacholia kikiwa bado ndani ya ganda. Mashine ilikuwa inauliza kama niendelee. Nikajibu ndiyo.